Tathmini ya zahanati ya kijiji chetu, miaka minne tangu wanawake waulizwe mlango ukae wapi

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi humpeleka mama yangu, mwenye shinikizo la damu, katika zahanati ya kijiji chetu mkoani Morogoro, na kwa njia hiyo nimepata nafasi ya kuiangalia zahanati hiyo kwa karibu kwa miaka minne sasa. Ni ya Serikali, ni ndogo, na haina kifaa ambacho zahanati nyingine za vijijini hazina. Naiandikia tathmini kwa sababu moja: kabla haijamaliziwa kujengwa, watu watakaoitumia waliulizwa wanataka iwe namna gani, na sehemu ya majibu yao ikafuatwa. Sitaitaja jina, kwa kuwa yapo mambo nitakayoyalalamikia, na sipendi lawama ziwaangukie watumishi wachache ambao kila mtu hapa anawajua kwa sura.

Jengo lilianza kama yanavyoanza mengi ya aina yake. Mwaka 2007 Serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao wengi tuliuzoea kwa jina la MMAM, lengo lilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Baadaye nasi tukajitolea: kaya zikafyatua matofali, zikasomba mchanga na maji, boma likafika kwenye lenta, kisha likasimama. Likaota majani ndani, na mbuzi wakalifanya kivuli. Fedha za umaliziaji zilipofika, wengi tulidhani kazi iliyobaki ni bati, plasta na rangi. Ni mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi, mama anayeuza vitumbua karibu na shule, aliyesimama mkutanoni na kuuliza kwa nini mlango wa chumba cha kujifungulia umeelekezwa kwenye baraza ambalo wagonjwa watakaa kusubiri.

Swali hilo lilikuwa dogo, lakini hakuna aliyekuwa na jibu lake zaidi ya kwamba ndivyo boma lilivyojengwa. Katika mikutano mikuu ya kijiji wanawake hukaa nyuma, chini ya mti, na wakizungumza husemezana wao kwa wao. Yule mama alilijua hilo, akaomba wanawake waulizwe peke yao, tena si ofisini bali pale bombani, saa za jioni, wakati kila mmoja anangoja zamu yake ya kukinga maji. Nilikuwapo, kwa sababu na mimi nilikuwa na ndoo zangu mbili kwenye foleni.

Binti mmoja aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza katika kituo cha mbali alisema kwamba hakuogopa uchungu, aliogopa kusikika, kwa kuwa nje ya dirisha walikuwa wamekaa wanaume wa kijijini kwao na mmoja wao alikuwa baba mkwe wake. Alijizuia kulia mpaka akauma khanga. Mwingine alieleza kwamba baada ya kujifungua hakupata maji ya kuoga mpaka mama yake alipokwenda kuyaomba nyumba ya jirani na kuyabeba kichwani. Bibi mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa jadi, alisema kwa upole, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," kisha akawauliza wanaume wawili wa kamati waliokuwa wakiandika kama yupo kati yao aliyewahi kukilalia kitanda cha uzazi. Walikiri kwamba hayupo, na wakaendelea kuandika.

Mhandisi wa halmashauri alikubali mlango ule uzibwe na mwingine ufunguliwe upande wa nyuma, unaotazama migomba. Pakaongezwa bafu dogo lenye bomba linalotoka kwenye tangi la maji ya mvua, na ukumbi mfupi ambamo mama au mama mkwe wa mzazi anaweza kukaa na kukoroga uji bila kuwa katikati ya wagonjwa. Leo ukipita pale nyuma utaiona khanga imeanikwa kwenye kamba, sufuria juu ya mafiga, na bibi amekaa kwenye kigoda akisubiri kuitwa. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu bora ya zahanati nzima, na haikuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Ilihitaji kuulizwa kwa mtu sahihi, mahali ambapo anaweza kusema, kabla saruji haijakauka.

Nasisitiza neno kabla, kwa sababu tumeona pia gharama ya kuuliza baadaye. Njia ya viti mwendo, ile ya kupandia kutoka uwanjani hadi barazani, ilijengwa bila kumwuliza mtu yeyote anayeitumia. Fundi aliipima kwa urefu wa ngazi, ikatoka fupi na kali. Siku ya ukaguzi aliitwa mzee mmoja mshona viatu, anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ili afungue njia hiyo kwa heshima mbele ya watu. Alizungusha mara tatu, gurudumu la mbele likainuka, baiskeli ikarudi nyuma, na vijana wawili wakaidaka kabla haijapinduka. Hakukasirika. Aliomba kipande cha chaki, akapiga mstari uwanjani, mbali sana na pale fundi alipoanzia, akasema njia ianzie hapo. Ikavunjwa na kujengwa upya, na sasa hata mimi nikiwa na mama, ambaye magoti yanamsumbua, tunapita hapo badala ya ngazini. Lakini fedha za kuijenga mara mbili zilitoka katika fungu lililokuwa limekusudiwa vyoo, na fremu za milango ya vyoo zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Hivyo mzee yule anaweza kupanda mpaka barazani bila kushikwa na mtu, ila akitaka kujisaidia inambidi aiache baiskeli nje na kuingia kwa kutambaa. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Kuhusu saa za huduma, hapa wengi wetu ni wakulima wa mpunga. Mpunga unapoanza kukomaa, wanawake na watoto huhamia mashambani kuamia ndege, na anayeondoka kwenye dungu lake asubuhi hukuta kwelea kwelea wamekwisha kufanya kazi yao. Kliniki ya watoto kwa kawaida huanza saa mbili asubuhi na inapofika saa sita imekwisha, kwa hiyo kila mwaka, katika wiki zile zile, mahudhurio yalishuka na akina mama wakaambiwa ni wazembe. Kamati ya usimamizi wa zahanati, iliyochaguliwa baada ya zahanati kufunguliwa, ilichukua kalenda ya kilimo na kuiweka kando ya ratiba ya kliniki. Tangu hapo, katika msimu wa kuamia, kliniki huanza saa nane mchana kwa siku mbili za wiki, na muuguzi hupata mapumziko yake asubuhi. Nilimsikia muuguzi mwenyewe akisema kwamba kadi za chanjo zenye nafasi tupu zimepungua. Neno uzembe sijalisikia tena pale.

Lazima niseme kidogo kuhusu fedha, kwa kuwa bila fedha maoni haya yote yangebaki kwenye daftari. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kwa miaka mingi sisi wa vijijini tuliujua zaidi ule wajibu, yaani kubeba matofali na kutoa michango, kuliko ile haki ya kupanga. Kamati za wananchi zilikuwapo tangu Mfuko wa Afya ya Jamii, ile bima ya hiari ya kaya, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, lakini kamati isiyo na akaunti ya kuisimamia huishia kupokea taarifa. Mabadiliko yalikuja katika mwaka wa fedha 2017/18, vituo vilipoanza kupelekewa fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao badala ya kusubiri zipitie halmashauri. Tangu hapo mpango wa mwaka wa zahanati hupitishwa na kamati, ambayo mganga mfawidhi ndiye katibu wake, na matumizi hujadiliwa kikaoni.

Katika zahanati yetu mapato na matumizi ya kila robo mwaka hubandikwa barazani kwenye karatasi ya manila, yameandikwa kwa kalamu ya wino mnene, mstari kwa mstari: dawa, sabuni, posho ya mlinzi, ukarabati wa tangi. Kwa wasiojua kusoma, mwenyekiti wa kamati huyasoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Nimeona watu wakibishana mbele ya karatasi ile kuhusu bei ya ndoo, na nikafurahi, kwa sababu mtu habishanii bei ya ndoo asiyoiona kuwa yake. Pembeni yake, ukutani, imeandikwa kwa rangi orodha ya huduma zisizolipiwa na bei za zile zinazolipiwa. Orodha hiyo iliombwa na akina mama waliokuwa wakiambiwa mambo tofauti na watu tofauti.

Nitakaa kidogo kwenye suala la misamaha, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza kwamba usawa unaweza kuharibiwa na neno moja. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza nchini mwaka 1993, na sambamba nao upo utaratibu kwamba wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wasilipe. Kwa lugha ya dirishani utaratibu huo huitwa msamaha. Mgonjwa akifika huulizwa, "Una bima, unalipia, au msamaha?" Sasa kwa Mswahili anayeomba msamaha ni aliyekosa. Mzee aliyelima maisha yake yote, akalipa kodi ya kichwa, akasomesha watoto, anasimama mbele ya majirani zake na kutamka kwa sauti neno ambalo mtu hulitamka akiwa na hatia. Wengine walinyamaza na kurudi nyumbani na homa zao.

Kuwatambua wazee hao nako kulifanyika vibaya mwanzoni. Majina ya wasio na uwezo yalisomwa katika mkutano mkuu, na bibi mmoja, jina lake liliposomwa, alisimama, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kusema kitu. Hakuja zahanati kwa miezi mingi. Kamati ilimfuata nyumbani, ikamsikiliza, kisha ikabadili utaratibu: majina sasa hupendekezwa na wajumbe wawili wa kila kitongoji, mwanamke na mwanamume, yanahakikiwa katika kikao cha faragha, na kila mzee anapewa kadi inayofanana na ya wengine wote isipokuwa namba yake. Dirishani mtumishi anaitazama namba, hataji kitu. Foleni ni moja, na bango la kumpisha mzee linamhusu kila mzee, aliye na bima na asiye nayo. Bibi yule sasa huja, na aliyeubuni utaratibu wa namba ni yeye mwenyewe, jambo ambalo ningependa liandikwe mahali.

Hapa chini nitaeleza yale ambayo hayajakaa vizuri, na yote yana chanzo kimoja: mtu ambaye hakuitwa.

Dawa za mama yangu zilikosekana kwa miezi miwili mfululizo mwaka juzi. Nilizinunua katika duka la dawa baridi kwa fedha ambayo sikuwa nimeipanga, na mwezi wa pili nilimpa nusu ya vidonge vya kila siku, jambo ambalo najua halifai. Nilidhani Bohari ya Dawa haikuwa nazo. Nilipouliza nikaambiwa kwamba ziliagizwa chache kwa sababu maoteo ya mwaka, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika, yalifanywa kwa kuangalia malaria, kuhara na magonjwa ya watoto, na kwamba ununuzi kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, kupitia mfumo wa Jazia ulioanza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014, ungeweza kuziba pengo hilo kama kamati ingeliona mapema. Haikuliona, kwa sababu hapakuwa na mjumbe hata mmoja mwenye kumeza vidonge vya kila siku. Nililalamika kwa maandishi kwenye sanduku la maoni, likafunguliwa baada ya miezi minne. Ni sanduku zuri, lina kufuli mbili, ila maoni yanayokaa miezi minne ndani ya kufuli mbili hayamsaidii mgonjwa wa shinikizo la damu. Tangu kamati ilipomwalika mzee mmoja mwenye kisukari kukaa kwenye kikao cha maoteo, dawa zimekosekana mara moja tu, kwa siku chache.

Wafugaji ni shida kubwa zaidi. Wanaishi upande wa pili wa mto, ni wanakijiji kama sisi, na hapakuwa na mtu wao kwenye kamati ya ujenzi wala kwenye kamati ya kwanza ya usimamizi. Kilichofanyika kwa ajili yao kimefanyika kwa sababu ya mhudumu mmoja wa afya ngazi ya jamii, binti wa Kimaasai, aliyeieleza kamati kwamba huduma za mkoba zinazokwenda kwenye maboma yao siku ya Jumanne zinawakosa, kwa kuwa Jumanne ni siku ya mnada na wanawake wote wako mnadani na maziwa. Mkoba ukahamia mnadani, chini ya turubai, kando ya wauza shanga, na chanjo zikaanza kuwafikia watoto waliokuwa hawajawahi kupimwa uzito.

Lakini akija mjamzito wa Kimaasai kwa hudhurio la kwanza huulizwa mume wake yuko wapi, kwa kuwa wazazi wote wawili wanatakiwa kupimwa pamoja. Nia ni njema, na mimi naiunga mkono kwa wanaoweza kuja wawili. Mume wake yuko malishoni na ng'ombe, huenda kwa miezi mitatu. Huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na ofisi ya mwenyekiti huyo iko upande wetu wa mto. Nilimwona mmoja wao mwezi wa nne, wakati wa masika, amevua viatu na kuvishika mkononi, rubega imelowa hadi magotini, akiondoka bila kuhudumiwa. Aliondoka kimya kama alivyoondoka yule bibi mkutanoni. Hakuna sheria ninayoijua inayomnyima mwanamke kliniki kwa kukosa mume mkononi, na kamati yetu, ambayo imeweza kuhamisha mlango na kubadili saa, ina uwezo wa kuiondoa barua hiyo hata kesho. Haijafanya hivyo, na sababu yake ni kwamba wajumbe wote wana waume au wake wanaolala nyumbani.

Viziwi nao hawana mtu wa kuwasemea. Kijana wa jirani yangu huja na mdogo wake wa miaka kumi kumtafsiria, hata kwa mambo ambayo mtoto wa miaka kumi hapaswi kuyajua.

Yapo pia yasiyo katika uwezo wa kijiji, na haitakuwa haki kuyahesabu dhidi ya zahanati. Muuguzi mkunga ni mmoja, na akienda kwenye semina chumba kile kizuri cha kujifungulia hakina mwenyewe. Watumishi hupangwa kutoka juu, na hakuna mkutano wa bombani unaoweza kuajiri. Kiwango cha kuchangia Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018 kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, wakati hapa kaya ya watu tisa ni ya kawaida, na mzazi alilazimika kuchagua ni mtoto gani asiandikwe kwenye kadi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Natamani mabadiliko yoyote ya kanuni na viwango vyake yajadiliwe na watu wenye kaya za aina hiyo kwa utaratibu ule ule uliohamisha mlango wetu, yaani kabla.

Kwa anayetaka kuitumia zahanati hii, au aliyehamia hivi karibuni: fika na kitambulisho na kadi yako, siku za Jumatatu foleni ni ndefu, Alhamisi ni nafuu. Dharura ya uzazi ikitokea usiku piga 115 bila malipo, ambayo ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na dereva wa kijiji atakuja, isipokuwa mto ukiwa umejaa. Ukiwa na lalamiko usilitie kwenye sanduku. Mwone mwenyekiti wa kamati, au mama wa vitumbua, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati ya usimamizi na hupatikana pale pale karibu na shule tangu alfajiri.

Kikao kijacho cha kamati kina ajenda mbili ambazo tumeziomba sisi watumiaji. Ya kwanza ni barua ya mume, na safari hii wanawake wawili kutoka ng'ambo ya mto wamealikwa kuzungumza, na yule binti wa Kimaasai, mhudumu wa afya, atawatafsiria. Ya pili ni mlango wa choo. Fundi alikuja juzi na futi yake, akapima fremu, na kabla hajaandika chochote alimwomba mshona viatu asogeze baiskeli ili aipime nayo.